Kwa nini panya huzoea mrija lakini hasahau mlio

Swali: Nasomea saikolojia, mwaka wa pili. Nimekutana na majaribio mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza, panya anasikia mlio na kupigwa umeme mara chache tu, miezi inapita, na bado akiusikia mlio ule anaganda. La pili, panya anafungiwa ndani ya mrija kila siku, na baada ya wiki moja au mbili homoni yake ya msongo haipandi tena kama siku ya kwanza. Sasa ubongo unazoea au hauzoei? Na mtafiti anajuaje kwamba mnyama anaogopa, si kwamba ameumia tu?

Jibu: Majaribio yote mawili ni sahihi na hayapingani. La kwanza linapima kumbukumbu inayoandikwa kwa dakika chache na kukaa. La pili linapima homoni, kitu kinachopanda na kushuka kila siku hata pasipo tishio lolote. Ila nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu likikosewa hilo, mengine yote yanabaki hewani.

Kwanza maneno. Tumezoea kusema "msongo wa mawazo", na hapa neno hilo linaweza kutupoteza, maana panya aliyebanwa ndani ya mrija hatumuulizi mawazo yake. Katika utafiti wa wanyama, msongo ni mwili na ubongo kulazimika kujipanga upya kwa sababu kuna kitu kinachotikisa uwiano wao: baridi, njaa, kubanwa, kipigo cha mwenzake. Hofu ni jibu la tishio linalojulikana, lililopo au linalokuja. Tishio lisilojulikana liko wapi wala litatokea lini huleta wahaka, na huo una njia zake za kupimwa. Jambo jingine: Kiswahili kinaita panya wanyama wawili ambao maabara huwatenganisha. Hapa "panya" ni yule mkubwa wa gramu 300 hivi, na "panya mdogo" ni yule wa gramu 25. Vipimo vya mmoja havimfai mwenzake.

Sasa twende kwenye sanduku. Ni chumba kidogo chenye upande wa sentimita 25 hadi 30, ndani ya kabati linalozuia sauti. Sakafu yake ni safu ya vyuma vyembamba vilivyounganishwa na chombo cha kutoa umeme. Ukutani kuna kipaza sauti, juu kuna kamera. Panya mdogo anaingizwa na kuachwa dakika 2 au 3 azunguke, anuse pembe, asimame kwa miguu ya nyuma. Kisha mlio unalia kwa sekunde 30, kwa nguvu ya desibeli 75 hadi 80, na katika sekunde 2 za mwisho sakafu inapitisha umeme wa miliampea 0.5 hadi 0.7. Inapita dakika moja au mbili, jambo lile lile linarudiwa, labda mara mbili zaidi. Anaachwa nusu dakika, anarudishwa kizimbani kwake. Somo zima linaweza kuisha ndani ya dakika 10.

Mtazame mnyama mwenyewe. Umeme unapopita hagandi hata kidogo: anaruka, anakimbia, analia. Kuganda kunakuja baadaye, umeme ukishakatika. Anajikunyata, mgongo unapinda, macho yako wazi, masharubu yaliyokuwa yakicheza muda wote yanatulia. Kinachosogea ni mbavu tu kwa pumzi. Ndiyo maana tafsiri ya kitaalamu ya kuganda ni kukosekana kwa mwendo wowote isipokuwa ule wa kupumua. Panya aliyelala au anayejisafisha manyoya hahesabiwi. Maumivu yanamrusha, tishio linamgandisha, na hayo ni matendo mawili yanayoonekana kwa macho.

Bado mbishi anaweza kusema kuganda kwa kesho yake ni mabaki ya maumivu ya jana. Michael Fanselow alilijibu hilo kwa hila rahisi sana. Panya akipigwa umeme papo hapo anapowekwa sandukuni, kabla hajapata nafasi ya kutazama mahali alipo, kesho yake hagandi akirudishwa humo. Umeme ni ule ule, maumivu ni yale yale. Alichokosa ni sekunde za kuchora picha ya mahali, na bila picha hiyo hakuna cha kuunganisha na maumivu. Kwangu hilo ni miongoni mwa majaribio mazuri kuliko yote katika uwanja huu, na halihitaji kifaa chochote cha ziada.

Siku ya pili mnyama anarudishwa sandukuni kwa dakika 5 bila mlio wala umeme, na kuganda kunahesabiwa kama asilimia ya muda. Hicho ni kipimo cha hofu ya mahali. Siku ya tatu anapelekwa kwenye sanduku lililogeuzwa sura: sakafu laini, ukuta wa mviringo, taa tofauti, harufu ya siki au vanila. Dakika 3 za kwanza kimya, kisha mlio. Asipoganda kwenye kimya akaganda kwenye mlio, ndipo una haki ya kusema anaogopa mlio. Pembeni lazima liwepo kundi linganishi lililopata idadi ile ile ya milio na umeme, ila kila kimoja kwa wakati wake bila kukutanishwa. Kundi hilo huogopa sanduku lakini mlio haliujali sana. Bila kundi hilo huwezi kujua kama mnyama amejifunza uhusiano au amekuwa tu mwepesi wa kushtuka kwa kila kitu.

Na kwa nini agande, asikimbie? Kwa sababu jicho la mwindaji hukamata mwendo. Tishio likiwa mbali mnyama huganda; likifika karibu hukimbia; likimgusa hupigana. Sehemu hii haihitaji hata kufundishwa. Mwaka 2013 Yilmaz na Meister walionyesha kwamba panya mdogo wa maabara akioneshwa doa jeusi linalotanuka juu ya kichwa chake, kama ndege anayeshuka, hukimbilia kibandani au huganda, ingawa maishani mwake hajawahi kuona mwewe.

Mlio wenyewe unapita hivi. Kutoka sikioni unapanda hadi thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachogawa taarifa za hisi. Kutoka hapo kuna njia mbili za kufika amigdala, kifurushi cha seli kilichojificha ndani ya pande zote mbili za ubongo. Njia fupi inakwenda moja kwa moja. Ndefu inapitia kwanza gamba la kusikia, ambako sauti inachambuliwa vizuri zaidi. Kwa njia fupi, seli za upande wa pembeni wa amigdala hujibu chini ya milisekunde 20. Maumivu ya umeme nayo hufika kwenye seli hizo hizo. Mlio na maumivu vikikutana hapo kwa wakati mmoja, sinapsi za mlio, yaani viungo vinavyopitisha ujumbe kati ya seli na seli, huimarika: aina ya vipokezi vya glutamati vinavyoitwa NMDA hufunguka, kalisi huingia, na baada ya saa chache protini mpya zinakuwa zimeushikilia mlango huo ubaki wazi. Weka dawa ya kuziba vipokezi hivyo ndani ya amigdala kabla ya somo, na panya hajifunzi.

Kutoka upande wa pembeni, ujumbe hufika kiini cha kati cha amigdala, ambacho ni kama ofisi ya kutuma amri. Amri moja hushuka hadi eneo la kijivu linalozunguka mfereji wa ubongo wa kati, na mnyama huganda. Nyingine huenda sehemu ya pembeni ya haipothalamasi, eneo la chini ya ubongo linaloongoza homoni na kazi za mwili, na mapigo ya moyo na shinikizo la damu hubadilika. Ya tatu hugusa mfumo wa homoni. Ndiyo maana ukiharibu eneo lile la kijivu peke yake, panya haachi kuogopa: hagandi tu, huku shinikizo la damu likipanda kama kawaida. Mtafiti anayetazama kuganda pekee angeandika kwamba hofu imetoweka, na angekosea.

Mahali, tofauti na mlio, panahitaji pia hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoandika kumbukumbu za mahali. Mwaka 1992 Kim na Fanselow waliharibu hipokampasi ya panya siku moja baada ya somo. Hofu ya sanduku ikafutika, hofu ya mlio ikabaki. Walipongoja siku 28 kabla ya kuiharibu, hofu ya sanduku nayo ilibaki, kwa kuwa kumbukumbu ilikuwa imeshasambaa kwenye gamba la ubongo. Amigdala ni habari nyingine. Kundi la Fanselow liliwafundisha panya, likasubiri miezi 16, ambayo kwa panya ni karibu maisha yote ya utu uzima, kisha likaharibu amigdala. Hofu ilipotea. Miezi yote hiyo ilikuwa bado inategemea mahali pale pale ilipoandikwa.

Hapo una nusu ya jibu la kwa nini mlio hausahauliki. Nusu nyingine ni homoni. James McGaugh na wenzake walionyesha kwamba adrenalini au kortikosteroni (homoni kuu ya msongo ya panya) ikidungwa mara tu baada ya somo huimarisha kumbukumbu, na ikidungwa saa kadhaa baadaye haifanyi kitu. Msongo mfupi, kwa maneno mengine, ndio wino wa hofu.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hata hilo limepimwa. Panya aliyefundishwa mlio wa kilohezi 5 huganda pia kwa milio inayokaribiana nao, na kadiri umeme ulivyokuwa mkali ndivyo unyasi unavyozidi kufanana na nyoka. Kumbukumbu ya mahali nayo hupoteza ukali wa picha wiki zikipita: mwezi mmoja baadaye mnyama anaogopa hata sanduku linalofanana tu na lile.

Je, hofu haifutiki? Mpigie mlio mara 20 au 30 bila umeme, kuganda kunashuka. Lakini subiri wiki kadhaa, au mbadilishie chumba, au mpige umeme mmoja bila mlio, hofu inarudi. Maana yake hakufuta. Alijifunza jambo la pili, kwamba "hapa, sasa hivi, mlio hauna neno". Somo hilo la pili linakaa sehemu ya chini ya gamba la mbele. Milad na Quirk waliripoti mwaka 2002 kwamba seli za eneo hilo huwaka siku inayofuata mlio unapolia, na zinavyowaka zaidi ndivyo panya anavyoganda kidogo. Breki imewekwa juu ya injini ambayo haijazimwa.

Sasa mrija. Ni bomba la plastiki angavu lenye matundu ya hewa, linalomtosha panya asiweze kugeuka. Hapigwi, hachomwi, anabanwa. Utaratibu unaotumika sana ni saa 6 kwa siku, kwa siku 21.

Siku ya kwanza mambo huenda kwa ngazi. Katika sekunde chache neva za huruma, zile zinazouandaa mwili kwa hatari, humwaga adrenalini na noradrenalini: moyo, pumzi, sukari kwenye damu. Wakati huo huo haipothalamasi hutoa homoni ya CRH, ile ambayo Wylie Vale na wenzake waliitambua mwaka 1981 kutoka kwenye ubongo wa kondoo. CRH huiamsha pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, itoe homoni nyingine iitwayo ACTH, na ACTH ikifika kwenye tezi zilizo juu ya figo hutoa kortikosteroni. Mlolongo huu ni wa taratibu. Kortikosteroni kwenye damu hufika kileleni dakika 15 hadi 30 tangu msongo uanze, na msongo ukiisha huchukua saa moja hadi mbili kushuka. Ubongo wenyewe ndio unaosoma homoni hiyo na kusema imetosha. Vipokezi viko vya aina mbili: vile vya MR vinaishika homoni kwa nguvu takriban mara kumi kuliko vile vya GR. Kwa hiyo MR vimejaa karibu muda wote, na GR hujaa msongo unapopanda au wakati wa kilele cha kila siku. Hipokampasi ina vyote viwili kwa wingi, jambo lililoifanya iwe ya kwanza kuchunguzwa tangu Bruce McEwen alipoona mwaka 1968 kwamba kortikosteroni inakusanyika humo.

Siku ya saba au ya kumi na nne, panya yule yule, mrija ule ule: kilele kiko chini zaidi na kinashuka mapema. Hapo ndipo swali lako lilipotoka. Ndiyo, amezoea. Ila angalia amezoea nini. Badilisha harufu na mazingira ya mahali anapobanwa, mazoea yanalegea. Mtoe mrijani umpe msongo mwingine kabisa, mathalani maji baridi, na homoni inapanda sawa na ya panya mgeni au kumzidi. Mwili uliochoka usingefanya hivyo. Mazoea yenyewe ni kumbukumbu: panya amejifunza kwamba mrija huu, hapa, huisha saa kumi jioni na hauui. Msongo ambao haujifunziki, kama kukosa oksijeni au sukari kushuka mno, hauzoeleki kwa namna hii. Usiotabirika pia hauzoeleki. Ndiyo maana watafiti wanaotaka msongo usiopungua huchanganya: leo kubanwa, kesho kizimba kilicholowa, keshokutwa taa usiku kucha.

Kwa hiyo majaribio yako mawili yanafanana kuliko yanavyoonekana. Katika yote mawili panya amejifunza tabia ya kitu. Mlio alijifunza kwamba unaleta maumivu; mrija alijifunza kwamba unavumilika.

Lakini mazoea ya homoni ni pazia. Nyuma yake kuna vitu vinavyoendelea. Hans Selye mwaka 1936 aliwafungua panya waliopitia misukosuko ya aina mbalimbali akakuta mambo matatu yale yale: tezi za juu ya figo zimekua, tezi ya thaimasi imenywea, tumbo lina vidonda. Kwenye ubongo mabadiliko yanahitaji darubini. Baada ya siku 21 za mrija, kundi la McEwen lilikuta matawi ya seli za eneo la CA3 la hipokampasi yamefupika na kupungua. Wengi waliposoma hayo walidhani msongo hunyausha ubongo mzima. Kisha mwaka 2002 Ajai Vyas, Sumantra Chattarji na wenzao waliwabana panya saa 2 kwa siku kwa siku 10 wakatazama sehemu zote mbili: hipokampasi matawi yalinyauka, amigdala yalistawi. Walipowapumzisha panya siku 21, hipokampasi ilirudi kama zamani. Amigdala haikurudi.

Ukitaka kukumbuka tokeo moja kutoka kwenye jibu hili refu, ningependa liwe hilo. Homoni inaweza kuwa imetulia kabisa kwenye damu huku sehemu inayoandika hofu ikiwa nene kuliko ilivyokuwa.

Na sehemu inayofunga breki inakuwa dhaifu. Vipindi vichache tu vya msongo vinatosha kufupisha matawi ya seli za ile sehemu ya chini ya gamba la mbele, na panya hao wanapata taabu kujifunza kwamba mlio umekuwa salama. Kuna jaribio la Fanselow na wenzake, la 2005, linaloviunganisha vitu hivi viwili vizuri: panya alipewa mapigo 15 ya umeme kwenye sanduku moja kwa dakika 90, kisha baadaye pigo moja tu kwenye sanduku lingine lisilofanana nalo. Panya wa kawaida hupata hofu ndogo kwa pigo moja. Huyu alipata hofu kubwa sana. Hata walipomzoesha sanduku la kwanza mpaka akaacha kuliogopa, wepesi wake wa kujifunza hofu mpya ulibaki. Kumbukumbu na msongo vimeachana njia: moja ilipungua, kingine hakikuguswa.

Nisiache jambo la udhibiti, kwa sababu linapindua hesabu zote za "umeme kiasi gani". Jay Weiss aliwaweka panya wawili wawili, mikia yao imeunganishwa kwenye waya mmoja, kwa hiyo wanapata umeme ule ule kwa sekunde zile zile. Mmoja akigeuza gurudumu umeme unakatika kwa wote wawili. Yule mwenye gurudumu alipata vidonda vya tumbo vichache kuliko mwenzake. Aliyepewa mlio wa kumtahadharisha kabla ya umeme naye alipata vichache. Mwaka 2005 kundi la Steven Maier lilionyesha kinga hiyo inatoka wapi: gamba la mbele linatambua kwamba gurudumu linafanya kazi, na linazima seli za serotonini kwenye shina la ubongo. Ukilizima kwa dawa wakati wa umeme, panya anaweza kuendelea kugeuza gurudumu na bado akatoka hapo kama asiyekuwa nalo.

Nje ya maabara hali ni hiyo hiyo, ila kupima ni kazi ngumu. Robert Sapolsky aliyewafuatilia nyani wa Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 alilazimika kuwadunga kwa mshale wa dawa ya usingizi wakati mmoja wa siku, nyani akiwa hatazami, na siku ambayo hajapigana wala kupanda jike, la sivyo kortisoli (homoni ya msongo ya nyani) aliyoipima ingekuwa ya siku ile badala ya ya nyani yule. Madume wa chini walikuwa na kortisoli ya juu, ila pale tu ngazi za kundi zilipotulia. Na huko Amboseli, utafiti wa 2011 uliotumia kinyesi badala ya damu ulikuta dume kiongozi ana homoni ya msongo ya juu, huku wa pili wake akiwa na nafuu. Cheo peke yake hakisemi kitu.

Sasa mahali watu wanapoharibu, maana kama utaingia maabara utayakuta haya wiki ya kwanza. Kosa kubwa ni mikono. Panya mdogo akiinuliwa kwa mkia anaanza jaribio akiwa na wahaka tayari; akiinuliwa kwa bomba au viganja viwili, hana. Hilo limejulikana tangu 2010 na bado mikia inashikwa. Mwaka 2014 ikaonekana kwamba hata harufu ya mwanamume chumbani, au fulana aliyoivaa tu, huwapandisha panya kortikosteroni. Ukibadilisha msaidizi katikati ya utafiti, umeongeza jaribio la pili bila kujua.

Sanduku lisiposafishwa kati ya mnyama na mnyama, wa pili ananusa hofu ya wa kwanza. Chuma kimoja cha sakafu kikiwa na mkojo umeme unakatiza njia na mnyama hapati dozi. Pima mkondo kwa mita kila asubuhi, usiamini namba iliyoandikwa kwenye chombo. Kundi la C57BL/6, panya wadogo wanaotumika kuliko wote, huanza kupoteza usikivu wa sauti nyembamba wakiwa na miezi michache tu. Mlio wa kilohezi nyingi kwa panya mzee wa aina hiyo ni kimya, na wewe utaandika kwamba "kumbukumbu imeharibika". Dawa inayopunguza maumivu nayo itaonekana kama inayofuta hofu, kwa hiyo pima kwanza kizingiti cha umeme kinachomfanya ashtuke, na kile kinachomfanya aruke.

Na majike. Kwa miaka mingi majaribio haya yalifanywa kwa madume tu. Yalipofanywa kwa majike ilionekana kwamba baadhi yao, mlio unapolia, hukurupuka mbio badala ya kuganda. Programu ya kamera inayohesabu kuganda itawaandika kama wasioogopa, kumbe ndio wenye bidii kuliko wote.

Upande wa binadamu, uwe na kiasi. Tiba ya kumkutanisha mtu hatua kwa hatua na anachokiogopa inaeleweka vizuri zaidi kwa sababu ya panya, hasa lile la hofu kurudi ukibadilisha chumba: ndiyo sababu mazoezi yafanywe sehemu mbalimbali, si kliniki tu. Kinyume chake, dawa za kuziba vipokezi vya CRH zilifanya vizuri kwa wanyama na zikashindwa kwa watu wenye sonona na wahaka. Joseph LeDoux, aliyechora sehemu kubwa ya njia ya amigdala, mwenyewe amekuwa akisisitiza tangu 2014 kwamba tunachopima kwa panya ni mfumo wa kujikinga na tishio, na kwamba hisia ya hofu anayoijua mtu moyoni ni suala jingine. Nakubaliana naye. Kwa hiyo kwa swali lako, jibu la uaminifu ni kwamba mtafiti anajua panya amejifunza tishio na mwili wake umejipanga kulikabili. Zaidi ya hapo hapimi.

Ukianza kusoma makala zenyewe, usikimbilie grafu. Nenda sehemu ya mbinu. Panya ni wa usiku, na kortikosteroni yake hupanda yenyewe karibu na muda wa taa kuzimwa, kwa hiyo tafuta damu ilichukuliwa saa ngapi tangu taa ziwashwe, na kama makundi yote yalichukuliwa wakati ule ule au la. Kisha tafuta dakika: sampuli ya "mapumziko" inapaswa kupatikana ndani ya dakika 3 tangu kizimba kiguswe, kwani baada ya hapo unapima msongo wa kushikwa. Kama panya wanne walitoka kizimba kimoja, uliza nani alitolewa mwisho. Na ukikuta makala inaripoti kortisoli kama homoni kuu ya panya, tulia: tezi zake hazina kimeng'enya cha kuitengeneza, homoni yake ni kortikosteroni, na kuna mtu alinunua kifaa kisichofaa.